Lakini ya mhakiki: kwa nini filamu kubwa hurudi na hukumu mbili

Novemba 2023 filamu ya Ridley Scott kuhusu Napoleon Bonaparte iliingia kumbini, na wahakiki wakashindwa kuelewana. Wapo walioipa nyota tano. Wapo walioipa mbili. Waliobaki, ambao ndio wengi, waliandika kitu cha namna hii: vita vimepigwa picha kwa ustadi mkubwa, Joaquin Phoenix, anayemcheza Napoleon, anachekesha pale usipotarajia kucheka, lakini unatoka ukumbini bila kujua huyu bwana alikuwa mtu wa aina gani. Msomaji aliyetaka kujua jambo moja tu, kama atoe hela yake au asitoe, akabaki ameshika tama.

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Wahakiki hawana msimamo, wanauma na kupuliza, wanasifu aya ya kwanza na kuponda aya ya tatu ili kesho wasionekane wamekosea. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila mimi naitetea ile "lakini". Kwa filamu nyingi kubwa za miaka hii ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote katika makala ya mhakiki, na ndiyo ya kwanza kupotea makala hiyo inapogeuzwa kuwa asilimia.

Kwanza tutenganishe vitu. Tukisema filamu imepokewa kwa "maoni mchanganyiko" tunatia kapu moja mambo manne yasiyofanana. Kuna mhakiki mmoja aliyegawanyika moyoni mwake. Kuna wahakiki wengi, kila mmoja ana uhakika wake, ila wamegawanyika wao kwa wao. Kuna wahakiki upande huu na watazamaji upande ule. Halafu kuna namba ya mtandaoni, ambayo inayasaga yote matatu na kukupa unga usiojua umetoka kwenye nafaka gani. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza kwa sababu mengine yote yanaanzia hapo.

Fani, maudhui na barafu ya Austerlitz

Aliyesoma fasihi shuleni kazi hii anaijua. Ulipopewa riwaya uihakiki, mwalimu hakupokea jibu la "riwaya hii ni nzuri sana". Alitaka fani: msuko, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kisha akataka maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo wa mwandishi. Na ulikuwa huru kabisa kusema kwamba mwandishi amefaulu huku na kuanguka kule. Ukitetea hoja yako kwa mifano, alama zako unapata.

Mhakiki wa filamu anafanya mtihani ule ule, ila fani yake ina mikono mingi. Riwaya ni mtu mmoja na kalamu. Filamu ya studio kubwa ina mwongozaji, mwandishi wa muswada (mara nyingi ni watatu au wanne waliofutiana kazi), mpiga picha, mhariri, mtunzi wa muziki, mbunifu wa mavazi, fundi wa sauti, na mamia ya watu wa kompyuta waliokesha wakichora moshi na mawimbi. Majina yao yanapanda mwishoni kwa dakika kadhaa wakati watazamaji wanatafuta mlango. Ingekuwa muujiza wote hao wakafaulu kwa kiwango kimoja.

Rudi kwenye Napoleon. Katika vita vya Austerlitz, Desemba 1805, askari wa Austria na Urusi wanavutwa hadi juu ya ziwa lililoganda, nao hawajui kwamba chini yao kuna maji. Kisha mizinga ya Wafaransa inalenga barafu yenyewe. Kamera inazama nao. Farasi na askari wanashuka taratibu, vitambaa vinajikunja majini, damu inatanda kama wino. Kelele za juu zinafifia. Hata walioichoka filamu nzima walilitaja tukio hili kwa heshima, na walikuwa na haki: kila fundi aliyeligusa alijua anachofanya.

Sasa simama mbali kidogo uitazame filamu yote. Inaanza mwaka 1793 Marie Antoinette akipelekwa kukatwa kichwa, inaishia mwaka 1821 Napoleon akiwa uhamishoni kisiwani St Helena. Miaka 28 ndani ya saa mbili na nusu na ushei. Mtu anapanda kutoka ofisa wa mizinga hadi kuwa kaizari, anaoa, anaacha, anavamia Urusi, anafukuzwa, anarudi, anashindwa Waterloo, na hakuna mahali filamu inapoketi ikamsikiliza. Inaruka kama mtu anayekuonyesha albamu ya picha huku ana basi la kuwahi. Kosa hilo si la mpiga picha. Ni la muswada, na la uamuzi wa kukata. Mhakiki anayesema "vita ni vizuri mno lakini mtu hayupo" hajapingana na nafsi yake. Ametoa taarifa mbili kuhusu mafundi wawili.

Hiyo si lakini ya wanahistoria. Wao walikuwa na yao: hakuna ushahidi kwamba Napoleon aliwahi kuyapiga piramidi kwa mizinga, kama filamu inavyoonyesha, na Scott akawajibu kwa ukali akiuliza kama wao walikuwepo. Ni ugomvi wenye raha yake, lakini haumsaidii sana anayetaka kujua kama filamu inasimama kama filamu. Kilichosaidia kilikuja Agosti 2024, ilipotolewa mtandaoni nakala ndefu zaidi, yenye zaidi ya dakika 45 za ziada. Studio haiongezi dakika hizo zote kwenye kazi ambayo haikuwa na pengo.

Simba asiye na nyusi

Wakati mwingine sifa na lawama zinatoka kwenye kitu kimoja, na hapo ndipo "lakini" inapokuwa tamu. Chukua The Lion King ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau. Sisi wa Kiswahili hadithi hii huwa tunaitazama huku tunacheka pembeni, maana mhusika mkuu ni simba anayeitwa Simba, mwenzake anaitwa Rafiki, na ngiri naye ni Pumbaa. Ni kama kumzaa mtoto ukamwita Mtoto. Tuyaache hayo. Kompyuta zilitumika kumtengeneza simba mwenye manyoya yanayopepea mmoja mmoja, misuli inayosogea chini ya ngozi, vumbi linaloganda kwenye kucha. Ungeweza kudhani unatazama kipindi cha wanyamapori.

Tatizo ni kwamba simba wa kweli hana nyusi za kupandisha wala midomo ya kutetemesha. Katika filamu ya kuchorwa kwa mkono ya mwaka 1994, mtoto anapomkuta baba yake amekufa uso wake unavutika, macho yanajaa, na mtazamaji anavunjika naye. Katika ile ya 2019 sauti inalia huku uso umetulia. Ufundi ule ule uliostahili sifa ndio uliochukua machozi. Kwenye mtandao wa Rotten Tomatoes, unaokusanya hukumu za wahakiki, waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Watazamaji hawakujali: filamu ilipita dola bilioni 1.6 duniani kote.

Miaka mitano baadaye ikaja Mufasa, safari hii chini ya Barry Jenkins, mwongozaji ambaye filamu yake Moonlight ilichukua Oscar ya filamu bora. Wahakiki waliokuwa wanampenda walijikuta wanaandika sentensi za kusikitika: unaona jinsi anavyoisogeza kamera karibu na nyuso, unamtambua kabisa, lakini nyuso zenyewe bado ni za simba. Kwa maoni yangu huo ndio uhakiki mchanganyiko wa kweli kuliko wote niliosoma mwaka 2024. Walikuwa wanamtenganisha fundi na kazi aliyopewa.

Kuna pia mgawanyiko ndani ya fani yenyewe. Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, kuhusu Freddie Mercury na bendi ya Queen, ilichukua Oscar nne, mojawapo ya uhariri. Muda si mrefu kipande kimoja cha filamu hiyo kikaanza kuzunguka mtandaoni: bendi imeketi mezani nje ikikutana na meneja, na picha inakatwa kila mtu anapopepesa jicho, kiasi kwamba hujui nani amekaa wapi. Mhariri mwenyewe, John Ottman, alikiri kwamba tukio hilo linamtia aibu. Na tuzo alistahili, kama utakumbuka mwongozaji alifukuzwa kabla kazi haijaisha na mwingine akaletwa kumalizia. Kazi ya kuunga vipande hivyo vikawa filamu haikuwa ndogo. Mafundi waliompigia kura walitazama mshono. Wahakiki walitazama nguo.

Upande wa maudhui, mfano mzuri ni Barbie ya Greta Gerwig, 2023. Kuna hotuba katikati, America Ferrera akieleza jinsi mwanamke anavyotakiwa awe kila kitu na kinyume cha kila kitu kwa wakati mmoja. Kuna wahakiki waliotoa leso. Kuna wengine waliosema filamu iliyokuwa inacheza na kuuma kwa akili imesimama ghafla na kusoma bango. Dakika ile ile, maneno yale yale. Halafu kuna lakini iliyo chini zaidi: filamu inaicheka kampuni inayotengeneza mwanasesere huyo, inawaonyesha wakubwa wake kama kundi la wanaume wasiojua wanachokifanya, huku ikimuuza mwanasesere yule yule kwa zaidi ya dola bilioni 1.4 za tiketi. Je, huko ni kuicheka kampuni au ni kampuni kujicheka kabla hujaanza wewe? Mimi nilicheka sana ukumbini na bado nadhani ni hilo la pili.

Hata filamu inayopendwa na karibu wote ina yake. Sinners ya Ryan Coogler, 2025, inakwenda Mississippi ya mwaka 1932, ndugu pacha wawili, wote wakichezwa na Michael B. Jordan, wanafungua ukumbi wa muziki usiku mmoja. Kijana anaanza kuimba, kamera inaanza kuzunguka kati ya wachezaji, na ghafla wamo watu ambao hawangeweza kuwemo: mpiga gitaa la umeme wa miaka mingi ijayo, wacheza ngoma wa Afrika Magharibi wa zamani, didjei na mashine zake. Paa linashika moto na hakuna anayeungua. Ni katika matukio makubwa ya sinema ya miaka hii. Lakini baada ya hapo wanyonya damu wanabisha hodi, na wahakiki kadhaa waliokuwa wameshapaa walisema kwa upole kwamba nusu ya pili inafuata njia iliyokanyagwa na wengi. Waliipa alama za juu na bado walilisema. Ukisoma alama tu hutalijua.

Nzuri ukilinganisha na nini?

Nyota zenyewe ni za kale. Mwaka 1928 gazeti la Daily News la New York lilianza kuzipa filamu nyota kupitia kwa mwandishi wake Irene Thirer, na tangu siku hiyo wasomaji wamezichukulia kama kilo za mizani. Roger Ebert, mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1975, alieleza mara kadhaa kwamba si hivyo. Ukimuuliza rafiki yako kama filamu fulani ya shujaa wa vibonzo inafaa, alisema, hutaki kujua kama inaifikia tamthilia nzito ya msiba. Unataka kujua kama inazifikia nyingine za aina yake.

Anayekwenda kutazama filamu ya ngumi anajua staringi hafi. Hiyo si kasoro ya msuko, ni mkataba. Mhakiki anayempunguzia alama kwa sababu hakufa amehakiki filamu ambayo haikutengenezwa. Lakini mkataba nao una masharti: kama staringi hafi, basi tunataka wasiwasi wetu utoke kwingine, na filamu isipoutafuta huo wasiwasi tunaruhusiwa kulalamika. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuipa nyota tatu filamu ya papa wakubwa wanaokula mashua na nyota tatu filamu ya mwongozaji mkongwe aliyetushinda nusu. Ya kwanza imefika ilikokuwa inakwenda. Ya pili imeanguka njiani, ila njia yenyewe ilikuwa ya mlima.

Wanapogombana wao kwa wao

Mgawanyiko wa aina ya pili una joto zaidi. Joker ya mwaka 2019 ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, ikapita dola bilioni moja, ikampa Phoenix Oscar yake. Wahakiki walichanika. Ukisoma pande zote mbili utashangaa jinsi wanavyokubaliana kuhusu fani: uigizaji ni mkubwa, mji unanuka taka kweli kweli, muziki unakukaba. Walichogombania ni kama filamu inamwelewa mtu mkatili au inampamba. Hilo halipimiki kwa nyota. Mtu anayeona inampamba ataiponda kadiri inavyoigizwa vizuri, maana kwake ustadi unaongeza kosa.

Mwaka 2024 ikaja sehemu ya pili, na Lady Gaga ndani, na nyimbo. Mgema alikuwa amesifiwa. Tembo likaja na maji, au angalau ndivyo wengi walivyoonja. Walioipenda ya kwanza waliona wamekemewa kwa kuipenda. Walioichukia ya kwanza hawakurudishwa. Wachache waliitetea kwa ushujaa wake wa kuwaudhi mashabiki wake mwenyewe, na ni utetezi ninaouheshimu ingawa sikuweza kuitazama bila kutupia jicho saa.

Nyanya na hesabu zake

Sasa tufike kwenye namba. Rotten Tomatoes ilianzishwa mwaka 1998 na Senh Duong, kijana aliyekuwa shabiki wa Jackie Chan na aliyetaka kukusanya mahali pamoja yaliyoandikwa kuhusu filamu zake. Wazo zuri. Kila makala inawekwa kwenye moja ya vikapu viwili: imependa, haikupenda. Asilimia unayoiona ni idadi ya waliopenda. Ikifika 60, filamu inapata nyanya nyekundu. Chini ya hapo, inapata ute wa kijani wa nyanya iliyorushwa ukutani.

Tufanye hesabu. Filamu ya kwanza imetazamwa na wahakiki kumi na wote wameipa 6 kwa 10, yaani inatazamika, haina madhara, kesho utakuwa umeisahau. Wote wameipenda kidogo, basi inapata asilimia 100. Filamu ya pili imetazamwa na kumi pia: saba wameipa 10 kwa 10, ni kazi ya maisha yao, na watatu wameipa 2 kwa sababu iliwakera hadi mifupani. Inapata asilimia 70. Wastani wa ya kwanza ni 6. Wastani wa ya pili ni 7.6. Aliyechagua kwa asilimia amekwenda kutazama ile ya kusahaulika.

Tazama kinachowapata wenye lakini. Makala yenye uzito pande zote mbili lazima iingie kwenye kikapu kimoja, na kinachoamua ni unywele. Mhakiki aliyeipa nyota mbili na nusu kati ya nne anaweza kuangukia nyekundu au kijani, na sentensi kumi za mizani alizozitolea jasho zinageuka kura moja ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo asilimia hii haipimi ubora. Inapima ukubaliano. Filamu salama hupanda, na filamu inayothubutu hukaa katikati, mahali ambapo msomaji mvivu husoma kama "ya wastani".

Metacritic, iliyokuja mwaka 2001, inafanya tofauti: inabadilisha kila hukumu kuwa namba kati ya 0 na 100 na kutafuta wastani, huku vyombo vingine vikipewa uzito zaidi kuliko vingine. Hapo angalau 6 inabaki 6. Lakini wastani nao una ujanja wake. Mtu mwenye mguu mmoja kwenye moto na mwingine kwenye barafu, kwa wastani, yuko vizuri. Joker ilipata namba inayokaribia 60 pale, namba ya filamu ambayo haikumgusa mtu, kumbe iliwagusa wote.

Na watazamaji je?

Hapa ndipo watu hupenda kusema wahakiki wamepotea. The Super Mario Bros. Movie, 2023: wahakiki sita hivi kwa kumi waliikubali, watazamaji wa mtandaoni zaidi ya tisa kwa kumi, mapato yakapita dola bilioni 1.3. Inaonekana kama ushahidi wa kesi. Lakini uliza kila upande ulijibu swali gani. Mhakiki alitumwa kuitazama, apende asipende, na kesho yake ana nyingine. Mtazamaji alijichagua: aliujua mchezo, alikuwa na mtoto aliyemsumbua wiki mbili, alilipa. Anayeingia harusini kwa mapenzi hali pilau kwa jicho la anayekagua jikoni.

Kuna kipimo kinacholijua hilo vizuri. CinemaScore, kampuni ya Las Vegas iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, huwapa watazamaji kadi usiku wa kwanza wa filamu, nao wanatoa alama kuanzia A+ hadi F. Kwa kuwa wa usiku wa kwanza ni wale waliokuwa na hamu, B ni habari mbaya. Inachopima ni kama ulipata ulichoahidiwa na trela. Mwaka 2017 mother! ya Darren Aronofsky ilipata F, ingawa wahakiki wengi, takriban theluthi mbili, waliisimamia. Matangazo yaliwaahidi watu filamu ya kutisha ndani ya nyumba. Wakapewa fumbo la kidini lenye fujo inayopanda hadi mtu anataka kukimbia. Sehemu ya pili ya Joker, ambayo trela zake hazikusema waziwazi kwamba watu wataimba, ilipata D. Ukizisoma alama hizo kama hukumu ya filamu utakosea nusu. Nusu nyingine inawahusu waliotengeneza trela.

Na "watazamaji" nao si kundi moja. Star Wars: The Last Jedi, mwaka huo huo wa 2017, ilikubaliwa na wahakiki tisa kwa kumi, na waliojaza kadi usiku wa kwanza waliipa A. Mtandaoni alama ya watazamaji ikashuka hadi arobaini na kitu kwa mia. Waliotoka ukumbini na walioingia mtandaoni wiki zilizofuata walikuwa watu wenye sababu tofauti za kupiga kura. Mwaka 2019 Rotten Tomatoes ilifunga mlango wa kutoa maoni kabla filamu haijatoka, kwa sababu wapo waliokuwa wakiziponda filamu ambazo hakuna aliyekuwa ameziona, kisha ikaanza kutenga kura za walionunua tiketi kwa uhakika.

Jambo moja la haraka kuhusu muda. Studio huwaonyesha wahakiki filamu mapema na kuwapangia saa ya kuchapisha. Wengine wanatoka ukumbini saa nne usiku na makala inatakiwa asubuhi. Kwenye matamasha ni vibaya zaidi: filamu nne kwa siku, usingizi kidogo, na ukumbi mzima unaopiga makofi au kuzomea. Hukumu ya kwanza ya Venice au Cannes na ile ya miezi mitatu baadaye mara nyingi hazifanani, na sishangai. Ninayemwamini ni mhakiki anayekubali kuandika mara ya pili.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kukutana na idara ya matangazo ya Hollywood. Mwaka 2001 iligundulika kwamba mhakiki mmoja aliyekuwa akizisifu filamu za Sony kwenye mabango, David Manning, hakuwahi kuzaliwa, alibuniwa ofisini. Kilichotokea Agosti 2024 kilikuwa kinyume chake, na kwangu ni cha ajabu zaidi. Francis Ford Coppola alikuwa ametengeneza Megalopolis kwa takriban dola milioni 120 za mfukoni mwake, na huko Cannes ilikuwa imegawa watu vipande. Lionsgate, waliokuwa wakiisambaza Marekani, wakatoa trela yenye wazo la kijanja: kabla ya kuwaonyesha filamu, wakapanga kwenye kioo maneno makali ambayo wahakiki wakubwa waliyaandika kuhusu filamu zake za zamani kama The Godfather na Apocalypse Now, ili mtazamaji ajionee jinsi watu hawa walivyozoea kukosea.

Maneno hayo hayakuwemo katika hakiki zao za filamu hizo. Pauline Kael, aliyeonyeshwa akiiponda The Godfather, mwaka 1972 aliisifu sana. Ebert naye aliwekewa maneno ambayo kweli aliwahi kuyaandika, ila aliyaandika mwaka 1989 kuhusu Batman. Trela iliondolewa siku ile ile na kampuni ikaomba radhi.